Kumbukumbu ya Mama Yetu, Fundi Maswali

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Jumatatu ulipotutoka, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Cherehani yako tumeifunika. Pini zako tunazikanyaga hadi leo.

Ulishona magauni ya harusi miaka thelathini na minane katika chumba cha mbele. Watu walikuja kwa sababu mishono yako haikufumuka, na wengine waliondoka kwa sababu ya mdomo wako. Uliwatoa nje akina mama na mashangazi, ukafunga mlango, ukamwuliza bibi harusi: "Mwanangu, umeulizwa? Ukajibu nini?" Mkasi haukugusa kitambaa mpaka ajibu mwenyewe, kwa sauti. Aliyesema hataki ulimpeleka kwa wazazi wake, kitambaa chao mkononi, kizima. Mtaa ukakuita Fundi Maswali, na si wote waliokuita hivyo kwa mapenzi.

Sababu ulitusimulia ukicheka. Ulipoozwa ulikuwa na miaka kumi na sita, na jino limekuvimbisha shavu. Sheikh aliuliza mara tatu, hukuweza kufungua mdomo, wakasema kimya chako ni ridhaa. "Mimi niliozwa na jino," ulisema, na marehemu Baba alicheka kuliko sisi sote. Baba alikuwa mtu mwema. Lakini mdogo wako naye aliozwa kwa kimya, na yeye hakubahatika. Alipokuja kwako mkono umefungwa bandeji, hukucheka.

Mimi mwanao mkubwa nina langu la kusema. Miaka minne iliyopita nilimwahidi rafiki yangu binti yangu wa kwanza. Kitambaa nilikuletea mwenyewe, pamoja na binti. Baada ya nusu saa ulinirudishia kimekunjwa vilevile.

"Mwanao hataki. Anaogopa kukwambia, ndiyo maana nakwambia mimi."

Nikasema umeniaibisha.

"Aibu yako itapoa, baba. Yeye angeishi na ndoa hiyo."

Miezi mitatu sikukanyaga kwako. Uliendelea kututumia chakula kila Ijumaa, na mabakuli hukuyaulizia. Haki ilikuwa upande wako, Mama. Sikukwambia hilo ukiwa hai, na linaniuma.

Mwezi uliopita tulimwoza mdogo wake binti yangu huyo. Sheikh aliuliza, binti akainamisha kichwa, kimya. Wajomba wakasema, "Amekubali huyo, tuendelee," na kalamu ikawa tayari juu ya karatasi. Nikasema, "Sheikh, huyu hajajibu." Nikawaomba wote watoke, nikafunga mlango, nikamwuliza kama ulivyokuwa ukiuliza wewe.

Alilia kwanza. Kisha akasema, "Namtaka, Baba. Nilinyamaza nione kama utauliza."

Unakumbukwa na sisi wanao watatu na wake zetu. Na mdogo wako, anayeishi nasi sasa na kulala chumba chako. Na wajukuu zako wote, pamoja na yule wa kwanza, ambaye kitambaa chake kipo kabatini, hakijakatwa, hadi atakapotaka mwenyewe. Wanakukumbuka pia mabinti uliowafungia mlango ukawasikiliza.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau, Mama, na tutaendelea kuuliza.