Neno Nililokutumia Kabla ya Kuzunguka Shamba

Jumanne, asubuhi. Wingu limeukalia mlima wa Kasigau, hata mti wa pili siuoni. Niko kama mtu ambaye bado anaota.

Mkamburi mwanangu, hujambo? Baba yako anakusalimu, mgongo umepoa. Bibi Mghoi anakusalimu, anauliza kama huko Eldoret unakula. Malemba mdogo wako anakusalimu, jino limeng'oka. Baba mdogo Mwakio, yule mwalimu, anakusalimu. Hata mbuzi wako yupo.

Tangu jana nikikupigia naambiwa mteja hapatikani. Basi naandika kwa huu ukurasa wa mtandaoni ulionifungulia, najua unausoma hata kwa kompyuta za chuo.

Jumapili ndovu waliingia shambani. Nilisimama mlangoni tu, nikaona mahindi yamelala chini, nikakuandikia: "Tumeangamia." Ukajibu unaacha chuo urudi nyumbani. Halafu kimya.

Moyo haujakaa tangu hapo.

Nilimwuliza Mwakio hilo neno. Akasema ni la Kibantu, la mababu zetu wenyewe, si la kuazima kama hilaki, la Waarabu lenye maana hiyo hiyo. Kuangamia ni kuisha kabisa, hata wa kusimulia asibaki.

Niliogopa. Nililimwaga neno zito hivyo kama maji ya kuoshea vyombo.

Bibi naye alinikaripia: "Nani ameangamia? Wewe si umeketi hapo unakunywa chai yangu?"

Hapa kwetu ndovu wakipita, hakuna kulia kabla hujazunguka shamba, uguse kilichobaki, kimoja kimoja, ukikitaja. Miaka yote hii nimeolewa hapa, na nikasahau.

Leo tumezunguka, mimi na bibi, ndani ya ukungu. Nyayo za ndovu zimejaa maji. Nikainama juu ya moja, nikaona uso wangu umetulia, kama wa mama mwingine.

"Taja kwa sauti," bibi akasema, "mimi sisikii vizuri."

Nikagusa, nikataja. Mbaazi, mistari mitatu. Mihogo ya kando ya mawe. Mbegu za mahindi, juu ya moshi jikoni.

Sitakudanganya, mahindi ya mwaka huu hayapo. Tutakula mihogo mpaka tuichukie. Lakini karo yako haikutegemea yale mahindi, na sisi tupo.

Mama yako alikosea, mwanangu. Usipande basi.

Washa simu. Nijibu upesi, hata nukta moja tu, nijue uko darasani.