Dawa ya Shemeji na Mdomo Wangu

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi. Kiwalani yetu ikipata mvua kidogo tu inageuka uji, nimerudi kutoka sokoni viatu mkononi. Shemeji nimemkuta kakaa palepale nilipomwacha.

Nyie mnaonisomaga huku kwa ajili ya vituko vyangu vya kuuza ndizi Mabibo, leo mniwie radhi. Leo sichekeshi.

Shemeji Bakari ndo alimuoa dada yangu Zuhura. Dada alifariki, huu mwaka wa tatu, mie na shemeji tukabaki na vyumba viwili na sufuria moja. Watu huwa wananiuliza mbona sihami. Nihamie kwa nani? Yeye Mmakonde, fundi vinyago, kimya kama gogo lake. Mie kelele. Na kwetu mashemeji ni watani, hakuna kuoneana huruma. Siku ya msiba wa dada nilimwambia analia vibaya, arudie toka mwanzo. Akacheka huku machozi yanamtoka. Watu waliokuwepo hawakushangaa, ndo kazi ya shemeji hiyo.

Mwaka huu hospitali wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo. Wamempasua, wameutoa, lakini siyo wote. Mkono wa kushoto umelegea, patasi haishikiki. Maneno mengine yanampotea, kijiko anakiita kile cha uji. Mionzi kamaliza. Sasa ni vidonge: siku tano anameza, halafu anapumzika mpaka mzunguko mwingine. Asubuhi, tumbo tupu, anaanza na kile cha kuzuia kutapika. Nesi mwenyewe mie.

Jana tulikuwa kliniki kuchukua vya mzunguko wa pili. Mie shule niliishia la tano, ila kuuliza siogopi. Nikamuuliza daktari, dada mmoja mpole, hii dawa ikifika kichwani inafanyaje, inapigana na nani? Akasema haipigani. Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo sana, na kila seli imezaliwa na mpango wa kufa ndani yake. Ikiharibika, inauwasha huo mpango, inajivunja kimyakimya, wenzake wanasafisha. Seli ya uvimbe imeuzima mpango huo. Haifi, inazaana tu. Dawa inaingia ndani inakatakata yale maagizo ya kuishi, seli inajaribu kuunga, inashindwa, mpaka mpango unawaka tena.

Nilielewa kabisa. Ndo tatizo langu, nikielewa kitu lazima nikitanie.

Kwenye bajaji ya kurudi nikamgeukia. "Shem, umesikia? Dawa yako haina hata ngumi. Inaziambia seli jiueni, nazo zinajiua, mchezo umeisha!"

Dereva wa bajaji alicheka mpaka akakosea njia. Shemeji akatazama nje.

Nilisahau. Naapa nilisahau. Shemeji alikuwa na mdogo wake, Saidi, aliyekuwa anaishi Kimbiji. Saidi alijiua. Mie nilikuwepo kwenye mazishi, jeneza nililibeba mbele, bega la kulia. Tangu siku ile shemeji hajawahi kulitamka lile neno. Na mie, mwenye mdomo huu, nilikuwa sijawahi pia.

Mpaka jana.

Leo asubuhi nikamwekea maji na vidonge. Akavisogeza pembeni na ule mkono mzima.

"Kaa nayo hiyo dawa yako ya kujiua, Juma."

Juma. Toka amuoe dada hajawahi kuniita jina. Huwa ni kima, mwizi wa ndizi, balaa la ukoo. Nikatamani anitukane hata kidogo. Akachukua chapati akala taratibu, huku ananiangalia, ili tumbo lisiwe tupu tena.

Nikaenda sokoni. Na niwaambie ukweli, nimeuza vizuri. Wateja wamecheka, mama mmoja kanibatiza mtangazaji. Hakuna hata mmoja aliyejua nina nini, na mie sikumwambia mtu. Nikawaangalia wale niliozoea kucheka nao kila siku, nikaona hata namba zao za simu ninazo kwa ajili ya mzigo tu. Nikija kuugua mie, ataniulizia nani?

Mchana nikajificha nyuma ya mikungu nikampigia daktari. Nikamwambia nimeharibu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akasema kesho tuanze upya, siku tano kamili, nisije nikampa mara mbili kufidia. Halafu akasema, "Kaka, seli siyo mtu. Haina huzuni." Akaniambia niangalie vidole vyangu. Tukiwa tumboni mwa mama, mkono huanza kama kipande kimoja, vidole vimeungana. Seli za katikati zinakufa kwa mpango, ndo vidole vinaachana. Zisingekufa, tungezaliwa na mikono kama ya bata.

Nikamuuliza, kwa hiyo akimeza anapona? Akasema hawezi kuniahidi, kuna seli za uvimbe zinajua kujishona upya, dawa inapita, zinabaki. Ila bila dawa hakuna hata cha kusubiri.

Nikarudi nyumbani nimejifunza sentensi kama mtoto wa madrasa. Nikakaa chini mbele ya shemeji. Nikamwomba msamaha kwanza, bila kuweka kachumbari. Halafu nikamshika ule mkono uliolegea, nikavitenganisha vidole vyake kimoja kimoja, nikamweleza.

Aliviangalia muda mrefu. Vidole vimejaa makovu ya patasi.

"Kwa hiyo seli haikati tamaa," akasema.

"Haikati tamaa, shem. Inakumbushwa tu kazi iliyozaliwa nayo."

Nikadhani yameisha. Maneno yanamjia polepole siku hizi, nikasubiri.

"Saidi hakuzaliwa na kazi hiyo."

"Hakuzaliwa nayo, shem."

"Alikuwa anaumwa. Hakuna aliyemuuliza." Akavuta pumzi. "Hata mie sikumuuliza."

Mzaha ulinijia palepale, tena mzuri, ungemtoa hapo. Nikaumeza. Tukakaa tu, mkono wake kwenye mkono wangu, mvua inagonga bati. Mie sijazoea kukaa hivyo.

Adhana ya magharibi ilipolia akanyanyuka, akashika ukuta, akaenda kutawadha. Hakusema atameza. Hakusema hatameza. Na hajaniita chochote, si Juma si kima.

Sasa naandika yeye kalala upande wa pili wa pazia. Zamani muda huu tulikuwaga tunatukanana mpaka jirani anagonga ukuta. Leo jirani lazima anadhani tumehama.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitaweka maji, kile cha kuzuia kutapika, halafu vile vingine. Nitakaa mbele yake na sitasema kitu. Akimeza, tuna siku nne mbele. Asipomeza, sijui nitamwambia nini, na hapa duniani sina mwingine wa kumwambia chochote.