Ngoro za Teodora

Jumatano, 1 Machi 1995

Majivu. Padri alikuja chuoni asubuhi na mapema, akatupaka wote kwenye paji la uso, hata sisi Waanglikana tuliojipanga kwa kufuata mkumbo. Ukungu mzito – ukitoka kanisani huoni bweni. Nilitembea polepole makusudi. Nikiwa ndani ya ukungu najiona niko nyumbani Lituhi, na kwamba hatua kumi mbele nitakanyaga mchanga wa ziwa. Miaka miwili hapa Mbinga, na baridi hii bado haijanizoea.

Kipindi cha Siasa: soko huria. Mkufunzi anasema sasa kila mtu anunue na kuuza anavyotaka, ushirika ukae chonjo. Nilikuwa nachora mtumbwi pembeni mwa daftari. Teodora, jirani yangu wa kitanda, hakuandika hata neno. Kaegemeza kichwa ukutani, macho kafumba, majivu bado usoni.

Ijumaa, 3 Machi

Teodora ameniambia. Tulikuwa mtoni tunafua. Ana mimba ya miezi minne.

Aliyempa mimba ni dereva wa kampuni mojawapo ya hizi mpya zilizokuja kununua kahawa. Msimu ukaisha, malori yakaondoka, naye akaondoka nayo. Hilo ndilo soko huria lenyewe – nilitaka kusema hivyo. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Mtihani wa mwisho ni Mei. Akifika Mei bila kujulikana, atakuwa mwalimu. Akijulikana kabla, anafukuzwa siku hiyo hiyo, kama yule wa mwaka jana ambaye tulirudi kutoka darasani tukakuta godoro lake limetolewa nje, liko kwenye mvua. Sitaki kuliona godoro la Teodora nje. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, hadi sabuni ikachukuliwa na maji.

Jumamosi, 4 Machi

Kazi za shamba. Chuo kinataka tujilishe wenyewe. Mimi niko kikundi cha nguruwe, Teodora kikundi cha ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yaliyojaa mlima mzima. Wavulana wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba. Wasichana wanafuata na majembe, wanachimba mashimo, kisha maharage yanapandwa kwenye kingo. Mwanaume hachimbi, mwanamke hapangi nyasi. Ukiuliza kwa nini, wanakushangaa.

Teodora amepewa miraba kumi na miwili. Alichimba miwili, kizunguzungu kikamkamata. Akamwambia Matron tumbo linamsumbua. Kweli tupu, kwa kweli!

Kutoka zizini naona ziwa. Ni mstari mwembamba tu, tena siku mbingu zikiwa safi. Leo nililitazama mpaka nguruwe wakamaliza kula na kuanza kula ndoo.

Jumanne, 7 Machi

Mdahalo ukumbini. Mada: mwanachuo akipata mimba aruhusiwe kuendelea na masomo. Bahati gani hii! Tadei aliongoza upande wa kupinga. Anajua kusema, yule kaka, na shati lake la mtumba lina kola kama ya mbunge. Alisema mwalimu ni kioo cha jamii, tukiruhusu hilo tutafundisha watoto nini. Vigelegele. Akaongeza kwamba vyama vingi si ruhusa ya tabia nyingi, watu wakacheka mpaka wakagonga madawati.

Hakuna aliyeuliza baba wa mimba anafukuzwa wapi. Nilitaka kuuliza mimi. Mkono ulifika begani ukarudi. Mwoga mkubwa, Edina!

Matron, Mama Hildegardi, alikaa nyuma na ungo mapajani, anachambua maharage ya mbegu. Hakucheka, hakupiga makofi. Mwishoni alisimama na kutangaza mambo mawili tu: ngoro zote zikaguliwe Jumamosi, na Jumatatu nesi atakuja kupima wasichana wote.

Teodora alinishika kidole chini ya dawati. Kimoja tu, kile kidogo.

Ijumaa, 10 Machi

Leo nimefanya jambo!

Mchana Wakatoliki wote walienda Njia ya Msalaba. Nikachukua jembe la Teodora, nikapanda shambani peke yangu. Miraba kumi. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, nikawa naimba nyimbo za kwetu bila haya, hakuna wa kunicheka lafudhi. Nyasi zilinisumbua, zimelazwa kila mahali, jembe linanasa. Nikazikusanya zote nikazitupa pembeni, kisha nikachimba. Kingo zangu zikatoka safi, udongo mtupu, zimenyooka. Kwetu shamba safi ni shamba lisilo na jani.

Nilipomaliza nililala chali katikati ya shimo moja. Mbingu inakuwa duara pale ndani. Nikawaza Teodora akiwa mwalimu Kihagara au Mbamba Bay, mtoto mgongoni, anaandika ubaoni. Mkono wake wa kuandika ni mzuri. Nilikaribia kusinzia.

Nilimwambia jioni tu kwamba kazi imekwisha. Alinikumbatia mpaka nikasikia tumbo lake.

Jumamosi, 11 Machi

Naandika kitandani, saa tisa alasiri.

Asubuhi Tadei alikwenda kwa Matron amefura. Nani ametupa nyasi zake? Siku mbili alizipanga! Matron akapanda hadi kwenye mstari wa ile miraba, sisi nyuma. Rundo la nyasi liko pale pembeni, na kingo zangu safi zimeanza kumomonyoka kwa mvua ya usiku mmoja.

Kumbe nyasi zinafukiwa. Ndizo mbolea, ndizo zinazoshika udongo usiteremke mlima. Mtoto wa Kimatengo wa miaka saba anajua. Wavulana wanazipanga ili udongo wa shimo urushwe juu yake – kazi yote ndiyo hiyo, nami nimeitupa pembeni. Ningeandika jina langu pale ingekuwa nafuu.

Matron aliuliza mstari wa nani. Teodora akasema ni wake. Matron alitazama rundo, akamtazama Teodora, binti aliyezaliwa kwenye ngoro. Alimtazama usoni, halafu chini, halafu usoni tena. Nikaona ameshajua.

Nikasema ni mimi, Matron, alikuwa anaumwa. Tadei akafungua mdomo. Matron akamwambia aende jikoni akapasue kuni.

Akanipa jembe. Rudisha nyasi zote, anza upya. Teodora naye akainama kuchukua jembe lingine.

"Wewe weka chini," Matron akamwambia. "Kaa hapo kwenye nyasi. Mwelekeze kwa mdomo."

Tukafanya hivyo. Teodora anasema, mimi nachimba: katikati, rusha juu, zungukia upande wa chini. Matron kasimama. Baada ya miraba minne aliuliza mama yake Teodora alimzaa akiwa na umri gani. Kumi na saba, akajibu. Matron akatingisha kichwa, wala sijui maana yake. Kisha akaondoka naye kwenda nyumbani kwake.

Hiyo ilikuwa saa nne. Nimemaliza miraba yote. Saa saba gari la mkuu wa chuo lilisimama mbele ya nyumba ya Matron. Bado liko pale.

Sasa hivi Benadetha wa chumba cha pili ameingia na maagizo. Matron anataka godoro la Teodora.

Nilikaa chini. Godoro! Nikamuuliza na sanduku? Hapana, sanduku libaki. Akawa anatoka, akakumbuka: nilipeleke ndani kwa Matron, na madaftari yake. Yote, na yale ya mwaka wa kwanza.

Godoro nimelikunja na kulifunga kanga. Madaftari nimeyahesabu mara mbili, ni kumi na moja. Nje mvua inaanza. Anayefukuzwa, madaftari ya nini?