Kuni za Mzazi

Wamagana, Nyeri
14 Juni 1965

Ndugu yangu Gicheru,

Huku mvua imetosha na ng'ombe amezaa. Barua yako nimeisoma. Unasema utakuja na panga kwa jirani yetu Mutahi, kwa sababu alijiandikishia shamba letu wakati mume wangu alipokuwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau. Mutahi ni mwizi, na nitasema hivyo mpaka nife.

Lakini Jumanne mke wa mtoto wake alijifungua, na sisi wanawake wa kanisa tukampelekea kuni na uji, kama ilivyo desturi. Nilipita katikati ya kahawa niliyoipanda mimi, mzigo mgongoni, nikimwambia Mungu wazi kwamba ananionea. Mutahi mwenyewe alitoka kunitua.

"Mama Ngendo, kuni nzuri hivi umezitoa wapi?"

"Ni miti ya marehemu mume wangu," nikamwambia. "Ile mitatu uliyotuachia. Nimekata mmoja, mtoto asipate baridi."

Alisimama na mzigo wangu mikononi, asijue pa kuuweka.

Nimemsamehe, Gicheru, na hasira bado ninayo. Panga liache huko Nakuru. Leta blanketi la mtoto, umpe Mutahi kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako,
Waithira