Sahihi Yangu Kwenye Fomu ya Maji Machafu

Yombo, Temeke

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Viazi mmeshavuna? Mie na wanangu tu wazima, ila moyo haujatulia. Nakuandikia barua maana simu yangu siku hizi bosi anaiazimaazima, eti aangalie saa. Saa ipo ukutani!

Unajua kazi yangu ni kuchota maji machafu ya kiwanda chetu cha kutia vitambaa rangi, pale yanapotokea kuingia mtoni. Nampelekea bosi wangu, Bwana Mhina, mkuu wa maabara. Yeye huyatia kidogo kwenye vichupa vyenye dawa ya rangi ya chungwa, akavichemsha saa mbili nzima. Ndiyo kipimo cha kujua uchafu ule utakula oksijeni kiasi gani. Ukizidi, dawa inageuka kijani. Shule sina, lakini miaka sita navikusanya vichupa vile, rangi naijua.

Sasa mtambo wa kusafisha maji umeanza kusumbua, maji yananuka kuliko zamani, lakini vichupa ni chungwa tu kila siku. Nikaingiwa na shaka. Jumatatu nikafanya jambo, Mungu anisamehe: nikachota kwenye pipa la rangi lenyewe, maji meusi kama masizi, nikabandika utepe kwenye kifuniko cha chupa, nikampa. Majibu? Chungwa! Kuangalia kwenye friji, chupa imejaa vilevile na utepe haujaguswa.

"Bosi, mbona hayajageuka?"

"Mama Neema, umekuwa mkemia lini? Mshukuru Mungu maji yetu ni safi."

"Safi, na chupa haijafunguliwa?"

Akacheka, akakohoa, akanisogezea fomu ya majibu. "Saini hapo, Alhamisi watu wa mazingira wanakuja kuichukua."

Hapo ndipo penye ishu, dada. Chini pameandikwa "Aliyechota", na jina ni langu. Maji ya mto ule ndiyo akina mama wa mtaani wanayomwagilia mchicha, nasi tunaula. Nikisaini, uongo ni wangu mbele za Mungu. Nisiposaini, kazi sina.

Jana kaniletea kitenge. Miaka sita hajawahi kunipa hata pipi! Nimemrudishia, na fomu sijaigusa. Leo mlinzi kapekua mkoba wangu, wangu peke yake, eti vyombo vya maabara vinapotea. Nimeshaona wanakonipeleka.

Kesho watu wa mazingira wakija nitawaomba wachote wenyewe, mie niwashikie ndoo. Ukipigiwa simu kwamba nimefukuzwa kwa wizi, usihangaike kuulizauliza. Ujue nilikataa kusaini.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi wa dukani. Mjomba mzee wa kanisa aniombee, lakini asinitaje jumuiyani, maneno yanasafiri.

Mdogo wako ambaye hajaiba kitu cha mtu,
Tabitha