Komeo la Chumba cha Nyuma

Kaka, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Ile nyumba ya kupanga aliyonisifia dalali, nimeenda kuiona na mke wangu na binti yetu. Sebule pana, maji yanatoka, kodi nafuu mpaka unashangaa. Chumba cha nyuma kingekuwa cha mtoto. Nikatania, "Kina komeo zuri, mama mkwe akija tunamfungia humu!"

Mke wangu hakucheka. Komeo liko nje.

Nje, kaka! Upande wa koridoni!

Akausukuma mlango ukajifunga tukiwa ndani. Upande wa ndani mbao zake zimekwaruzwa vibaya, mikwaruzo mitano mitano, usawa wa kifua cha binti yetu.

Na mimi bado natetea! Nikasema labda walifuga mbwa. Dalali akadakia, "Hapana bosi, hapajawahi kuwa na mbwa. Komeo ni la upepo tu, mlango usijibamize." Jasho linamtiririka, ananisogezea mkataba.

Kaka, kalamu nilishaishika.

Mke wangu akambeba mtoto, akamgeukia.

"Bwana dalali, upepo wenu una kucha?"