Nakala ya Saa Nane Mchana

Cheyo, Tabora
14 Juni

Kwako Kaka Revocatus,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mtwara, wewe na wifi Magreth na watoto? Sisi tu wazima, ila mama mgongo unamsumbua na hataki kabisa kuambiwa apumzike.

Kaka, nimetengeneza mtambo! Usicheke. Kompyuta kuukuu ya baba nimeiweka stoo, nikaiunganisha kwa waya na ile ya sebuleni. Kila siku saa nane mchana inaanza kazi yenyewe, inakagua kilichoongezeka sebuleni, inakinakili. Ya sebuleni ikiungua, picha zetu zote zipo. Siku za mwanzo nilikuwa naacha ugali mezani nikaitazame taa yake ikipepesa, hadi mama akauliza kama nimeolewa nayo.

Nikataka kujua inafikirije. Niliandika faili la majaribio, nikalifuta sebuleni. Saa nane ilipofika, likafutika na stoo. Lo! Kumbe niliiagiza ifananishe pande zote mbili, nayo ikatii hata makosa. Sasa nimeirekebisha: kinachofutwa kinawekwa pembeni siku tisini kwanza.

Ila jaribio hilo nililifanya baada ya hasara, na hasara yenyewe sijawahi kukuambia.

Baba alijirekodi mara moja tu, akitutajia mababu. Rekodi nyingine ilikuwa ya msibani kwake, ambako hukuwahi kufika: mtani wetu Shomari, yule Mzaramo, alivaa koti la marehemu akamwigiza, kama ilivyo ada ya watani. Zote mbili niliziita "Baba". Mama hakutaka kuisikia ya Shomari, nikaifuta. Kumbe nimefuta ya baba. Nilipokimbilia stoo kesho yake, haikuwapo.

Ulipoomba sauti yake, niliona aibu. Nikakutumia ya Shomari, nimeikata pale watu walipoangua kicheko. Yale maneno kwamba Revo amesamehewa wale ng'ombe aliowauza bila ruhusa, ambayo uliniambia yamekurudishia usingizi, ni ya mtani. Baba sikuwahi kumsikia akiyasema.

Nisamehe, kaka. Mama hajui, wala Shomari. Ukikasirika, una haki.

Wasalimie wote nyumbani. Asali ya mama itakuja na basi la Alhamisi.

Katika rekodi iliyopotea baba hakugusia ng'ombe. Ila alipofika kwa wanawe alianza na wewe, akalitaja jina lako lote, akanyamaza kidogo, ndipo akaendelea.

Mdogo wako,
Leonia